Baruti Katika Bahasha za Dawa

Mume wangu alianza kumwaga baruti mwaka ule mahindi yalipobeba vizuri. Nilikuwa nafagia uani asubuhi, nikaona kwenye jiwe alipozoea kukaa akiandaa gobore lake vumbi jeusi limetapakaa kama masizi ya sufuria. Nikadhani ni upepo. Siku ya tatu nikaikuta tena, nyingi zaidi, na kuku wanaidonoa. Niliwafukuza, nikaizoa kwa kipande cha karatasi, iliyobaki nikaimwagia maji, kisha nikakaa pale pale juu ya jiwe na ufagio mkononi. Mtu aliyeshindilia gobore tangu ujana wake hakosi mdomo wa mtutu.

Sikumwuliza siku ile. Katika ndoa yetu mimi ndiye mwenye wasiwasi na yeye ndiye mwenye kunituliza, na sikutaka aanze kunituliza kabla sijajua ninaogopa nini.

Nyumba yetu iko upande wa Kagerankanda, mahali mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Mahindi na maharage yetu yako bondeni, na ng'ambo ya kijito ni pori la nyani. Nyani hawaji usiku kama nguruwe pori. Wanakuja mchana kweupe, wakishaona watu wamekwenda kanisani au mnadani, na kundi moja likikaa saa moja kwenye shamba la mjane, mjane huyo hana chakula mpaka mavuno mengine. Ndiyo maana kijiji kilimwomba mume wangu alinde bonde zima, na ofisi ya wanyamapori ikakubali kwa barua. Kila mavuno kila nyumba ilituletea debe la mahindi.

Lakini si debe lililompa mume wangu fahari. Wazazi wake na wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakikimbia, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Tulikulia hapa, tukasoma hapa, tukafunga ndoa hapa, ila hati za uraia tulizipata tukiwa tayari na wajukuu. Miaka yote ya ujana wake alishika gobore la mzee mmoja Muha, jirani yetu, akimsaidia kulinda mihogo yake. Tulipopata hati, mzee yule akiwa ameshachoka, gobore lilihamishiwa kwa mume wangu kwa taratibu zote, na akapewa leseni yenye picha yake. Aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya Biblia. Wageni wakija aliitoa. "Asiye wa hapa hapewi bunduki," alikuwa akisema, na mgeni alitikisa kichwa kukubali, hata kama ameshaisikia mara tano.

Kwa asiyelijua gobore, si bunduki ya kutia risasi zilizotoka kiwandani. Kila mlio unautengeneza mwenyewe. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha kitambaa na goroli, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu ya chuma, na mwisho unaweka fataki chini ya nyundo. Mume wangu alipima baruti kwa kiganja. Mara moja hivi, mara nyingine vile. Goroli nayo ilikwenda inakotaka, lakini mlio ulitosha, na nyani walikimbia.

Kwamba shida ni macho yake nilipata hakika siku ya Jumamosi moja, nikichambua maharage barazani. Alikuwa ameanza kushindilia, akaja mjumbe wa baraza la kanisa wakaongea kwenye njia. Aliporudi alikaa, akachukua kichupa cha baruti, akamimina, akatia kitambaa na goroli, akateremsha mdeki. Nikainua kichwa. Mdeki ulikuwa umesimama juu ya mdomo wa mtutu kwa urefu wa kiganja kizima. Siku zote ulikuwa ukizama mpaka kinabaki kipande cha kushikia tu. Mimi sijui bunduki, lakini nilifanya kazi ya uhudumu wa zahanati miaka ishirini na sita, nikipima dawa za watoto na kuhesabu vidonge, na jicho langu limezoea kuona kitu kilichozidi.

"Baba," nilimwambia, "weka chini hiyo."

Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia ameshindilia mara mbili. Alicheka kidogo, akaupapasa mdeki kwa vidole kutoka juu kwenda chini, na kicheko kikakauka. Hakuwa ameona. Kilichonitisha ni kwamba ilibidi apapase.

Asubuhi yote ilikwisha kwa kuitoa. Alimimina maji ndani ya mtutu, akasubiri, kisha akatumia parafujo ya mwisho wa mdeki kuvuta kitambaa. Kilitoka kitambaa, goroli na tope jeusi. Halafu kitambaa kingine, goroli nyingine na tope jingine. Alizipanga goroli mbili juu ya jiwe, tukazitazama. Sote wawili tulimjua mtu wa upande wa Buhigwe ambaye gobore lilimpasukia usoni kwa sababu ya kushindilia kupita kiasi. Tulikwenda kumzika. Asubuhi ile hakuna kati yetu aliyemtaja.

Jioni nilimnyooshea vidole nikamwuliza ni vingapi. Akaniambia nisimfanye mtoto. Baadaye, akiwa amenipa mgongo akifungia mbuzi, alisema shida ni ya karibu tu. "Mbali naona vizuri. Nyani akiwa ng'ambo namwona hadi mkia."

Nilimwamini, au niseme nilichagua kumwamini. Tulinunua miwani mnadani Kasulu, ile ya kujaribu mpaka upate inayokufaa, akaitumia wiki moja kusomea Zaburi, kisha ikahamia mfukoni na haikutoka tena. Alisema mlinzi mwenye miwani atachekwa na nyani wenyewe.

Basi nikamwambia kuanzia sasa baruti nitapima mimi.

Hakukubali siku hiyo, wala kesho yake. Leseni ni ya mtu mmoja, alisema, na mtu huyo si wewe. Nilijua hilo kuliko yeye, maana ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Lakini mdeki ule uliosimama haukunitoka machoni, na nilimwambia wazi kwamba akikataa nitakwenda kwa mchungaji nimweleze habari ya goroli mbili. Alikula, akanawa mikono. Akasema sawa, ila isitoke nje ya nyumba hii.

Nilipostaafu zahanati niliondoka na vitu vichache, kimojawapo bunda la bahasha ndogo za karatasi, zile za kutilia vidonge, zilizoandikwa "kutwa mara" na nafasi ya kujaza. Nilikuwa pia na kikombe kidogo cha plastiki cha dawa ya kikohozi chenye mistari ubavuni. Nikaanza. Niliifanya kazi hiyo mchana tu, chumbani, karibu na dirisha, na siku ninayopima sikuwasha moto kabisa. Tulikula viporo na ndizi mbivu. Kabla ya kugusa baruti nilitoka nje kuangalia jikoni kama kuna kaa lililosahaulika. Nikishaingia nilitoka tena kuangalia. Siku nyingine nilirudi mara nne. Nilichota, nikasawazisha juu kwa ukingo wa kadi ya kliniki ya mjukuu wangu, nikamimina ndani ya bahasha, nikaikunja, na kwa kila bahasha niliweka punje moja ya harage kwenye bakuli ili nisichanganyikiwe. Bahasha moja, mlio mmoja. Akiwa shambani hakuwa na haja ya kupima, alichana, akamimina. Na mdeki niliutia alama kwa uzi mwekundu, ili kidole chake kijue umefika wapi hata kama jicho halijui.

Sikukusudia kulifanya gobore lilenge vizuri. Nilikusudia mume wangu asife. Lakini wiki ya pili alirudi kutoka bondeni akiwa na sura ya kushangaa, akaniambia amelenga kisiki mara tatu na mara zote tatu amekipata.

Nikatamani kuona. Tulitundika mfuniko wa sufuria iliyotoboka upande wa pili wa mteremko, penye ukuta wa udongo, hatua hamsini, siku ambayo hakuna mtu bondeni. Nilikaa nyuma yake na daftari. Nikagundua kwamba kuongeza baruti hakusaidii kitu, kunarusha goroli ovyo tu. Kilichosaidia ni kila kitu kuwa sawa na cha jana: baruti ile ile, kitambaa cha unene ule ule, nguvu ile ile ya kushindilia. Kitambaa ndicho kilichonisumbua. Mabaki ya kitenge yalikuwa mepesi, ya kanga yakiteleza. Nilikwenda mpaka soko la jirani na kambi ya Nyarugusu, kwa fundi cherehani mmoja Mkongomani, nikamwomba vipande vya kitambaa cha sare za shule.

"Ni ya kufanya nini, maman?" aliniuliza akinijazia mfuko.

Nikamwambia nashona viraka vya mto. Sikuwa na sababu ya kumdanganya, pengine asingejali kabisa, lakini uongo ulitoka wenyewe na nilitembea nao hadi nyumbani nikiwa na jasho.

Kwa kitambaa kile matundu kwenye mfuniko yalikaa pamoja, ukiweza kuyafunika yote kwa kiganja. Mume wangu alikwenda akaweka kiganja juu yake, akakitoa, akakiweka tena. Sijamwona na furaha ya namna ile tangu hati zilipotoka. Nami nilifurahi, nisifiche. Nilizoea kazi ya kupima dawa ambayo mtoto akipona anashukuriwa daktari, na hapa kipimo changu kilionekana kwa macho, tundu kando ya tundu.

Msimu ule aliliangusha dume kubwa lililokuwa likiongoza kundi, na nyani hawakuvuka kijito kwa miezi miwili. Kijijini wakaanza kusema mzee yule ana dawa. Wengine walisema ameipata Kibondo kwa mganga, wengine wakasema ni ya kwao Burundi. Mchungaji alimwuliza kwa utani baada ya ibada, na mume wangu akajibu kwa utani, nami nikatazama viatu vyangu.

Hofu iliyokuja baadaye haikuwa ya moto wala ya polisi. Ilikuja polepole, msimu wa pili. Nilikuwa nimezoea kufuatana naye bondeni nikibeba bahasha kwenye kikapu, juu yake nimefunika mboga. Tukiwa tumejificha kwenye nyasi alianza kuniuliza, "Wako wapi?" Mwanzoni nilidhani anataka tu kuzungumza. Nikimwonyesha, aliuliza tena, "Pale penye kisiki?" Hapakuwa na kisiki. Siku moja nilimwambia nyani wako kushoto kwa mgomba, akaelekeza gobore kwenye mgomba. Alifyatua, goroli ikapasua shina la mgomba katikati kabisa, na akasema amekosa kidogo. Hakuwa amekosa. Alipata alichokilenga.

Niliona hayo yote na sikusema. Nilirudi nyumbani nikapima baruti kwa uangalifu zaidi, kama kwamba nikizidisha usawa katika bahasha nitapunguza kinachoharibika machoni mwake. Nililala nikihesabu watu wanaopita bondeni: wanaokata kuni, wanaochota maji kijitoni, watoto wanaofuata mbuzi. Zamani gobore lile lilikuwa halijui linakwenda wapi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeliogopa sana. Mimi ndiye niliyelifundisha kwenda moja kwa moja.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, umande haujakauka. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Tulisikia majani yakivunjika upande wa chini, mume wangu akapiga goti, akaweka fataki. Nami nikatazama. Kati ya mistari ya mahindi kulikuwa na kitu cheusi kimeinama, kikiinuka kidogo na kuinama tena, kama nyani anavyokwanyua hindi. Halafu kikageuka upande nikaona ukingo wa kanga. Alikuwa jirani yetu, mama wa watoto watano, amejifunga sweta jeusi kichwani kwa ajili ya baridi, anachuma majani ya maharage.

"Ni mtu huyo," nilisema.

"Ni nyani," alisema, na kitako kilikuwa tayari begani.

Nilirudia. Sijui kama nilisema kwa sauti au midomo tu ilitikisika. Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Nilijua kilichomo ndani ya mtutu kwa sababu nilikipima mwenyewe jana yake karibu na dirisha, na nilijua hakitakosa. Nikainuka, nikapita mbele yake, nikasimama nikiwa nimeupa mtutu mgongo. Kwa nini niliupa mgongo sijui. Nadhani sikutaka kumwona akinilenga.

 Nyuma yangu nikasikia nyundo ikiteremshwa taratibu kwa kidole gumba.

Jirani aliinua kichwa akatuona. Alitusalimu kwa Kiha, akatuuliza tumelalaje, akacheka kwamba tumemshtukiza. Nilimwitikia. Alikuja na fungu la majani ya maharage, akanitia kwenye kikapu, juu ya mboga zilizofunika bahasha, akasema yamechipua vizuri mwaka huu, nikayapike na karanga. Tulizungumza habari ya mtoto wake mdogo aliyekuwa na mafua. Nilimwambia ampe maji ya uvuguvugu. 

Tulirudi nyumbani. Mume wangu alitangulia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiinua mguu juu sana kila penye kivuli njiani, akidhani ni shimo. Siku hiyo nilizichukua bahasha zote nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, moja baada ya nyingine, na maji yakawa meusi. Aliona au hakuona, hakuuliza. Kesho yake hakwenda bondeni. Alisema mgongo unauma. Wiki nzima mgongo uliuma, na nyani walivuka kijito wakala mahindi ya watu watatu. Watu walikuja kuuliza mzee anaendeleaje. Nilisema mgongo.

Tungekaa hivyo sijui mpaka lini, kama lisingekuja tangazo kwamba wenye silaha wote wazipeleke kituoni Kasulu kuhakikiwa. Hapo mume wangu akaamka kitandani. Alinyoa ndevu, akaitoa leseni kwenye Biblia, akaniambia nimsomee namba iliyochongwa kwenye mtutu. Nikamsomea. Akairudia mara nyingi, akitembea uani, kama mtoto anayekariri mistari ya Krismasi. Nilielewa anachokusudia. Polisi huwaambia wenye silaha wasome namba wenyewe, ilinganishwe na kitabu. Nilimwambia asifanye hivyo. Akasema, "Wakiichukua hii, watauliza na ile nyingine." Alimaanisha hati ya uraia. Nilimwambia hakuna anayenyang'anywa uraia kwa sababu ya macho. Alinitazama, yaani aliugeuza uso upande wa sauti yangu, na nikaona hana hakika. Wala mimi, kusema kweli, sikuwa na hakika. Mtu aliyepata karatasi uzeeni haachi kuwaza kwamba aliyempa anaweza kuja kuomba arudishiwe.

Tulikaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, gobore limeviringishwa kwenye gunia, tukiwa katikati ya wanaume kumi hivi wenye magobore yao. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu. Mume wangu midomo ilikuwa ikicheza na namba. Sikuthubutu kuondoka hata kwenda chooni, nikiogopa jina lake litaitwa nikiwa sipo.

Askari aliyekuwa mezani alikuwa kijana wa umri wa mtoto wetu wa mwisho. Alisema shikamoo kwa sauti ya heshima, akamwomba mzee alifungue gunia. Akamwuliza namba. Mume wangu alishika mtutu, akauinamia kama anayesoma, akaitaja yote bila kukosea tarakimu. Askari akaandika. Moyo wangu ulishuka mahali pake kidogo. Kisha akamsogezea daftari, akamwambia atie saini hapa, akaweka kidole.

Mume wangu alitia saini juu ya meza. Kalamu iliandika jina lake lote kwenye ubao, vidole viwili nje ya daftari.

Askari hakucheka. Aliitazama ile saini, akanitazama mimi, nami nikashindwa kumtazama. Nilikuwa tayari kusema ni uchovu, ni safari, ni jua tulilotoka nalo nje. Maneno yalikuwa mdomoni. Mume wangu ndiye aliyetangulia.

"Afande," alisema, "namba nimeikariri. Macho yamekwenda. Ninaona mwanga na weusi basi."

 Askari akamwuliza tangu lini. Akasema mwaka wa pili huu. Akamwuliza anawezaje basi kulenga, maana habari zake amezisikia. Mume wangu aligeuza uso upande wangu, nikajua sasa atanitaja, na nikajua pia kwamba nitakubali. Akasema, "Nilikuwa nabahatisha."  Sijui kama alinikinga au aliona aibu. Mpaka leo sijamwuliza.

Askari aliandika hati ya kupokea silaha, akamsomea polepole, akamwongoza mkono kwenye mstari mpaka akatia saini ya pili. Alisema gobore litakaa kituoni hadi alete barua ya daktari, na kwamba hakuna jambo jingine. Mume wangu akauliza, "Na hati zangu?" Kijana hakuelewa. Akauliza hati zipi. Mume wangu akasema, "Basi, afande, hakuna kitu." Tukatoka. Nje alisimama, akaingiza mkono kwenye koti, akaipapasa leseni ikiwa bado ndani ya nailoni, akakaa nayo hivyo mpaka gari likaja.

Watoto walichangishana, na baada ya majuma machache tukasafiri kwenda hospitali penye madaktari wa macho. Walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limekomaa zaidi. Walimpangia upasuaji kesho yake. Jioni tulikaa kwenye veranda ya wodi tukila mkate na chai, na hapo ndipo aliposema jambo ambalo sikulitegemea, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba sukari.

"Siku ile sikuona nyani. Sikuona chochote. Niliona weusi tu."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema ni nyani.

"Kwa sababu uliniambia ni mtu. Ningesema sijui, ungejua sioni." Akanywa chai. "Uliposimama mbele, sikukuona na wewe. Nilisikia tu majani yenye umande yakitikisika. Nilikujua kwa kuwa ulikuwa unapumua kama unalia."

 Nilikuwa nimejiambia wiki zote zile kwamba alishusha gobore kwa sababu aliniona. Nilikuwa nimelijenga tumaini langu lote juu ya hilo. Nilimshika mkono, nao ulikuwa baridi, tukakaa mpaka muuguzi akaja kutuambia mgonjwa alale.

Walimfanyia jicho la kushoto, lile la kulia bado tunasubiri. La kushoto linaona. Halioni kama la kijana, ila anasoma utabiri wa hali ya hewa kwenye simu kwa sauti hata kama hujamwuliza, na anatambua mbuzi wake kutoka barabarani. Daktari alimwandikia barua. Iko ndani ya Biblia pamoja na leseni, na hajaipeleka Kasulu. Kila ninaposafisha chumba naiangalia kama ingalipo. Akiamua kuipeleka sitamzuia, nadhani, lakini kikombe cha dawa ya kikohozi nimekivunja na sitapima tena. Bonde sasa linalindwa na vijana kwa zamu, kwa mbwa na madebe ya kugonga. Nyani wanakula, si kidogo, na watu wananung'unika, wanauliza ile dawa ya mzee ilikwenda wapi.

Jirani yangu yule bado anachuma mboga shambani kwetu, nami kwake. Mtoto wake mwenye mafua ameanza shule. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuja mgeni. Mara ya pili tulikuwa wawili tu, tunapukuchua mahindi barazani kwake, nikaanza, nikasema, "Unakumbuka asubuhi ile ulipokuwa na sweta jeusi." Akasema anakumbuka, kulikuwa na baridi kweli, sweta lenyewe ameshampa dada yake anayekaa Titye. Akanisubiri niendelee. Mahindi yalikuwa yanaanguka kwenye ungo kutoka mikononi mwake, na nikamwambia lilikuwa linampendeza.